Fika na Asilimia 15, Ondoka na 80: Ushauri kwa Mwenye Gari Jipya la Umeme

Kilomita zipatazo 120 kaskazini mwa Kalemie, kwenye barabara ya taifa namba 5 inayoelekea Fizi na Uvira, ipo Bendera, na hapo maji ya mto Kyimbi yamekuwa yakizungusha mitambo ya umeme tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Wenye bunduki waliijua thamani ya mitambo hiyo mapema. Juni 29, 1965, waasi pamoja na Wakuba waliokuja na Che Guevara walikishambulia kituo na kambi iliyokuwa ikikilinda. Walishindwa kukiteka, na Wakuba wanne waliuawa. Leo umeme wa Bendera, chini ya SNEL, shirika la umeme la Kongo, ndio unaowasha taa za Kalemie.

Uwezo wa kituo kizima ni megawati 17.2, yaani kilowati 17,200. Chaja moja ya kasi ya magari, ya aina iliyokwisha kuwa ya kawaida kwenye barabara kuu za Ulaya na China, hutoa kilowati 150. Gawanya hesabu hiyo: magari 114 yakichajiwa kwa pamoja kwa nguvu hiyo yangekula karibu umeme wote wa Bendera, na Kalemie ingebaki gizani. Magari 114 hayajazi hata uwanja wa mpira.

Mgeni wa magari ya umeme akiishika hesabu hiyo, mengi yatakayomkuta kwenye vituo vya kuchaji hayatamshangaza. Ataelewa kwa nini vituo vya kasi ni vichache na vinajengwa palipo na transfoma kubwa, kwa nini bei yake hupita ya umeme wa nyumbani, na kwa nini chaja iliyoandikwa namba kubwa mara nyingine hutoa nusu yake. Kwa mtu wa Bendera au Kalemie, chaja ya kasi bado ni jambo la safarini: anakutana nayo Kigali anakofuata biashara, Nairobi anakosoma mwanawe, au Dubai anakonunua bidhaa. Tena anakutana nayo akiwa na haraka, betri ikiwa chini, na nyuma yake dereva wa teksi anayesubiri zamu. Heri ajifunze kabla ya kufika.

Tundu kwanza, gari baadaye

Mafuta hayachagui gari. Jerikeni ya Kadhafi, muuza mafuta wa kando ya barabara, hujaza Toyota kama inavyojaza Mercedes. Umeme wa kasi una madhehebu yake, na kila dhehebu lina tundu lake.

Gari linalopatikana kwa bei nafuu kuliko mengi Afrika Mashariki ni Nissan Leaf iliyotumika, inayoagizwa kutoka Japani. Mdomo wake uko puani mwa gari, na ndani yake mna matundu mawili. Dogo ni la kuchaji polepole. Kubwa ni la kasi, la mfumo wa Kijapani uitwao CHAdeMO. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Ulaya, na mengi ya kampuni za China yanayouzwa rasmi Kenya na Rwanda, hutumia CCS2: tundu la duara lenye pini saba, na chini yake pini mbili nene za umeme wa kasi. Kundi la tatu ni magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya Wachina wenyewe, yanayouzwa kwa njia za pembeni, mengi yakipitia Dubai. Hayo yana mfumo wa GB/T. Ethiopia ilitangaza mwaka 2024 kwamba hairuhusu tena kuingiza magari madogo ya petroli na dizeli, na mitaa ya Addis Ababa imejaa magari ya GB/T, hata Volkswagen zilizoundwa China.

Kichwa cha kebo cha mfumo mmoja hakiingii kwenye tundu la mwingine. Adapta zipo, lakini adapta ya kuchaji polepole na ya kuchaji kwa kasi ni vitu viwili tofauti kabisa. Ile ya kwanza haina mengi zaidi ya kuunganisha pini kwa pini. Ya pili hupitisha mamia ya volti, na baadhi yake, kama inayogeuza CCS2 kuwa CHAdeMO, hubeba kompyuta ndogo ya kutafsiri mazungumzo kati ya gari na chaja. Ya bei ya chini isiyo na jina la mtengenezaji inaweza kuyeyuka, au kunasa humo tunduni. Mwenye gari asiikubali bila kuthibitisha kwamba gari lake na kituo vyote vinairuhusu.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza rangi ya gari wala mwaka wake, mnunuzi aulize tundu. Aliye Kigali aangalie kwanza vituo vya huko vina vichwa gani, na aliye Nairobi vivyo hivyo. Programu ya simu ya PlugShare, inayotumika nchi nyingi duniani, huonyesha vituo kwenye ramani pamoja na aina ya vichwa, na madereva wengine huandika humo kama chaja inafanya kazi au imekufa. Taarifa ya mwezi uliopita ina uzito kuliko picha nzuri ya siku ya uzinduzi.

Chaja hutoa, gari huamua

Betri ya gari hupokea umeme wa mkondo mnyoofu, ule unaoandikwa DC. Umeme wa SNEL au wa Kenya Power hufika nyumbani kama mkondo geu, AC. Lazima pawe na kifaa cha kuugeuza. Mtu akichaji nyumbani, kifaa hicho kimo ndani ya gari, na kwa kuwa ni kidogo hupitisha kilowati 3 hadi 11 tu kwa magari mengi. Kwenye kituo cha kasi kifaa cha kugeuza kimo ndani ya kabati lile kubwa linalonguruma kwa feni, na umeme huingia betrini moja kwa moja. Siri ya kasi yake iko hapo.

Namba iliyoandikwa kwenye kabati, iwe 50, 120 au 150, ni kiwango cha juu inachoweza kutoa. Gari nalo lina kiwango chake cha juu cha kupokea, na kidogo kati ya hivyo viwili ndicho kinachotawala. Leaf yenye betri ya kilowati-saa 40 hupokea takriban kilowati 50. Ikichomekwa kwenye chaja ya kilowati 150 haitazidi hapo, na mwenyewe hana sababu ya kulipa bei ya juu ya chaja kubwa wala kuwaziba wenye magari yanayoihitaji. Tena kabati lenye vichwa viwili mara nyingi hugawa nguvu zake: gari la pili likichomekwa, la kwanza hupunguziwa. Dereva anayeona namba ikianguka ghafla kwenye skrini aangalie jirani yake kabla ya kumlaumu mwenye kituo.

Mfano wa hesabu. Gari lenye betri ya kilowati-saa 60, kiasi kinachopatikana kwenye BYD nyingi, likitoka asilimia 15 hadi 80 linahitaji kilowati-saa 39. Kwenye soketi ya kawaida ya ukutani, inayotoa kilowati 2 na ushei, itachukua zaidi ya saa 17. Kwenye chaja ya ukutani ya kilowati 7, saa tano na nusu. Kwenye chaja ya kasi ya kilowati 50, dakika 50 hivi. Chaja ikiwa ya kilowati 150 na gari likikubali 80 tu, itakuwa nusu saa na dakika chache. Tofauti kubwa iko kati ya soketi na chaja ya kasi. Kati ya chaja ya kasi na iliyo ya kasi zaidi, tofauti hutegemea gari.

Kwa nini 80

Madereva wapya hushangaa kuona gari linakwenda mbio kutoka 15 hadi 60, linalegea likikaribia 80, kisha linatambaa. Wengine hudhani chaja imeharibika, wakachomoa na kuchomeka upya.

Chaja haina kosa. Betri ya lithiamu huchajiwa kwa kusukuma chembe za lithiamu ziingie na kujipanga kwenye tabaka za kaboni upande wa pili. Ni kama boti linalopakia abiria bandarini Kalemie: wa kwanza hukaa wapendapo bila kusukumana, lakini wa mwisho hutafutiwa nafasi mmoja mmoja, huyu asogee, yule apakate mtoto. Chembe zikisukumwa kwa nguvu wakati nafasi zimekwisha, hugandana juu ya kaboni kama utando wa chuma, na betri hupoteza uwezo wake daima. Kompyuta ya gari hujua hilo, ndiyo maana huomba umeme upunguzwe.

Matokeo yake barabarani ni haya: kutoka 80 hadi 100 kunaweza kuchukua muda ule ule uliotumika kutoka 15 hadi 80. Kwa safari ndefu, kusimama mara mbili na kuondoka na 80 kila mara ni haraka kuliko kusimama mara moja na kungoja 100. Kufika kituoni na asilimia 60 nako ni kupoteza muda, kwa sababu sehemu ya mbio imekwisha kupita. Dereva afike na 15 hivi. Barabara ikiwa ngeni, au kituo kinachofuata kikiwa mbali au na sifa mbaya, afike na 25. Akiba hiyo ndiyo itakayomfikisha kwingine asipopata umeme.

Aina ya betri nayo ina neno. Ziko zenye nikeli, manganizi na kobalti; zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia huchimbwa Kongo, hasa Kolwezi na viunga vyake. Ziko pia za chuma na fosfati, kama za BYD, zisizotumia kobalti kabisa. Zote mbili zinahitaji lithiamu, na Manono, mkoani Tanganyika, mkoa huo huo wa Kalemie, pana mojawapo ya akiba kubwa za lithiamu duniani. Kwa matumizi ya kila siku, wenye betri za kobalti hushauriwa waishie 80 hata nyumbani. Wenye betri za chuma na fosfati hushauriwa na watengenezaji wengi wazijaze hadi 100 mara kwa mara, kwa kawaida mara moja kwa wiki, ili kompyuta ipime sawasawa kiasi kilichobaki. Lakini hiyo 100 ijazwe nyumbani usiku, chaja ya kasi iachiwe wenye safari.

Joto la mchana na chaji ya tatu ya Leaf kwa siku

Kuchaji kwa kasi hupasha betri moto. Magari mengi ya sasa yana maji yanayozunguka kuipoza. Leaf, kuanzia ya kwanza ya mwaka 2010 hadi zile za betri ya kilowati-saa 40 zinazouzwa sana sasa, haina mfumo huo; hupozwa na upepo tu. Mwaka 2018 wenye Leaf mpya huko Ulaya walilalamika kwamba chaji ya pili au ya tatu kwa siku moja ilikuwa polepole mno: betri ilikuwa imeshapata moto, gari likajilinda. Nissan ililegeza masharti ya kompyuta kidogo, lakini fizikia ilibaki pale pale.

Kandokando ya Ziwa Tanganyika, mchana wenye jua kali, hali hiyo huja mapema zaidi. Mwenye Leaf apange chaji ya kwanza alfajiri, aegeshe kivulini inapowezekana, apunguze mwendo kilomita chache kabla ya kituo, na asitegemee zaidi ya chaji mbili za kasi kwa siku. Akiona kipimo cha joto kwenye dashibodi kinakaribia wekundu, apumzike, ale, ndipo aendelee. Mwenye gari linalopozwa kwa maji hana hofu hiyo, ila asishtuke akisikia feni zikivuma kama injini wakati gari limesimama.

Kutoka kuegesha hadi kuchomoa

Kebo za kasi ni nzito na fupi. Dereva ajue mdomo wa gari lake uko wapi, mbele au nyuma, kushoto au kulia, kisha aegeshe kwa namna ambayo kebo itafika bila kuvutwa. Kebo iliyovutwa kama kamba ya ng'ombe hulegeza pini, na chaji hukatika katikati.

Gari lizimwe, breki ya mkono ivutwe. Kabla ya kuchomeka, kichwa cha kebo kikaguliwe: pini zilizoungua, plastiki iliyoyeyuka, waya uliochunika na kuonyesha shaba, vyote ni sababu ya kwenda chaja nyingine. Kichwa kisukumwe hadi kisikike kimebana. Cha CHAdeMO kina mtambo wa kufunga ambao mgeni huusahau. Vituo vingine huanza kwa kadi, vingine kwa programu ya simu, vingine mhudumu ndiye anayebonyeza. Kisha gari na chaja huzungumza kwa sekunde kadhaa, hupima kama nyaya ni salama, ndipo umeme hupita. Wasiwasi wa kunyesha mvua hauna msingi kwa chaja nzima, maana pini hazina umeme mpaka mazungumzo hayo yakamilike. Kusimama ndani ya dimbwi na kebo iliyochunika ni habari nyingine.

Dereva asiondoke mara moja akaenda kunywa chai. Asubiri dakika mbili aone namba tatu kwenye skrini: asilimia ya betri, kilowati zinazoingia sasa hivi, na kilowati-saa zilizokwisha kuingia. Kilowati zikiwa chini sana kuliko gari linavyoweza, bado ana nafasi ya kuhamia chaja nyingine kabla hajapoteza nusu saa.

Chaji ikigoma kuanza, afanye kwa utaratibu: achomoe, afunge milango ya gari na kuifungua, achomeke tena kwa nguvu zaidi. Ikigoma mara ya pili, ajaribu kichwa kingine. Ikigoma mara ya tatu, apige namba iliyobandikwa kwenye kabati. Mara nyingi mhusika huweza kuiwasha upya kutoka ofisini. Kile kitufe chekundu kikubwa ni cha hatari tu, moto au mtu kupigwa na umeme. Anayekibonyeza ili kusimamisha chaji huweza kuizima chaja mpaka fundi afike, na wenye safari waliobaki hapo hawatamsahau.

Kumaliza nako kuna mpangilio: kwanza asimamishe chaji kwenye skrini au simu, pili afungue kufuli za gari, ndipo avute. Kichwa kikinasa, gari lifungwe na kufunguliwa tena kwa ufunguo; magari mengi yana pia kamba ndogo ya dharura iliyofichwa ndani, na mahali pake pameandikwa kwenye kitabu cha gari. Kebo irudishwe kwenye kishikio chake. Ikiachwa chini, lori litakalorudi nyuma ndilo litakaloimaliza.

Pesa, laini ya simu na risiti

Vituo hutoza kwa kilowati-saa au kwa dakika. Kwa mwenye gari linalopokea polepole, bei ya dakika ni ghali, na baada ya asilimia 80 inakuwa hasara tupu. Vingi huongeza faini kwa gari lililokwisha kujaa na bado limechomekwa. Haya yote huandikwa kwenye programu, na msomaji makini huyasoma kabla ya kuchomeka.

Kwa anayetoka Kongo kuna mtego wa aina yake. M-Pesa au Airtel Money ya laini ya Kongo haina uhakika wa kulipia chaja ya Nairobi au Kigali, ingawa jina la huduma ni lile lile. Programu za vituo hudai akaunti, namba ya simu ya nchi ile, na intaneti. Msafiri anunue laini ya nchi anayokwenda siku ya kwanza, aweke pesa humo, asajili programu mbili za kampuni tofauti, na ajaribu kuchaji kidogo kabla betri haijafika pabaya. Kadi ya benki inayokubalika kimataifa iwe akiba ya pili.

Serikali za jirani zimejaribu kuvuta bei chini. Rwanda, kwa hatua zilizotangazwa mwaka 2021, iliondoa kodi kadhaa kwenye magari ya umeme na vipuri vyake, ikaruhusu vituo kuuziwa umeme kwa bei ya viwanda. Kenya iliweka bei maalum ya umeme wa magari mwaka 2023, na saa za usiku bei hiyo hushuka hadi nusu. Dereva wa Nairobi mwenye nafasi ya kuchagua saa hachaji jioni.

Risiti zitunzwe. Kilowati-saa zilizolipiwa zitakuwa nyingi kidogo kuliko zilizoingia betrini, kwa sababu sehemu hupotea kama joto. Tofauti ya sehemu moja katika kumi si ya kugombania. Ikiwa tatu katika kumi, mhusika aandikiwe, na picha ya skrini iambatishwe.

Foleni

Mwaka 2024 Norway iliuza magari mapya ambayo karibu tisa kati ya kumi yalikuwa ya umeme, na Waafrika Mashariki wanaoishi Oslo wanajua foleni za chaja za wikendi. Kigali na Nairobi foleni ni ya wenye teksi, wanaochaji ili wapate mkate wa siku. Adabu yake ni nyepesi. Asilimia 80 ikifika na kuna anayengoja, gari litolewe. Mwenye gari anayekwenda kula aache namba ya simu kwenye kioo. Asiyekuwa na lazima ya chaja kubwa aanze na ndogo. Hakuna anayemchomolea mwenzake bila ruhusa, hata skrini ikisema imekwisha.

Na umeme ukikatika? Chaja hulala, lakini asilimia ambazo gari limekwisha kuzipata haziondoki. Vituo vingine vina betri au sola za kuendelea kwa muda; vingi havina. Hapo ndipo ile akiba ya asilimia 25 inapolipa.

Kwa Bendera na Kalemie kwenyewe

Aliyenunua gari na kulirudisha nyumbani ataishi kwa soketi. Ampea 10 kwa volti 220 kwa saa 10 za usiku huleta takriban kilowati-saa 20 betrini, na gari dogo kwenye njia nzuri hula kilowati-saa 15 hadi 20 kwa kilomita 100. Kwa mizunguko ya mjini Kalemie inatosha na kubaki. Fundi aangalie nyaya na waya wa ardhi kwanza: soketi itakayobeba ampea 10 usiku kucha isiwe ile ya kuchajia simu, na waya wa kurefushia usitumike kabisa. Soketi ikiwa ya moto mkononi baada ya saa moja, chaji isimamishwe. Magari mengi hukataa umeme wa jenereta isiyo na waya wa ardhi, na yana haki. Mgao wa umeme ukiwa wa mara kwa mara, gari lichomekwe kila umeme unapokuwapo, bila kungoja betri ishuke.

Safari ya Kalemie hadi Bendera, kwenye karatasi, imo ndani ya uwezo wa Leaf ya kilowati-saa 40. Lakini njia hiyo ni ya udongo na vilima, matumizi hupanda, na tumbo la Leaf liko sentimita kama 15 tu juu ya ardhi. Msimu wa mvua gari hilo libaki mjini. Pikipiki ya umeme ina nafasi zaidi huku. Kigali na Nairobi kampuni ya Ampersand hubadilisha betri tupu kwa iliyojaa kwa dakika chache, dereva hangoji chaji. Mwaka 2024 pikipiki ya kampuni ya Roam ya Kenya ilitoka Nairobi hadi Stellenbosch, Afrika Kusini, kilomita zipatazo 6,000, ikichajiwa kwa umeme wa jua tu. Kwa kijiji kilichoko mbali na chaja ya kasi, paneli za sola na betri mbili za pikipiki ni mpango unaotekelezeka mapema kuliko kabati la kilowati 150.

Kabla pesa hazijatoka

Wengi watanunua kwa picha, kupitia wakala wa Dar es Salaam au Dubai, kisha gari lije kwa meli, lori na boti la Kigoma. Mnunuzi adai picha tatu. Ya kwanza ni ya matundu yote ya kuchajia yakiwa wazi, ili ajue mfumo. Ya pili ni ya dashibodi betri ikiwa imejaa: Leaf huonyesha vijiti 12 vya afya pembeni mwa kipimo cha chaji, na kijiti cha kwanza kikipotea maana yake betri imeshapoteza karibu asilimia 15 ya uwezo wake. Leaf yenye vijiti tisa si gari lile lililoandikwa kwenye tangazo, na hesabu zote za makala hii zipunguzwe kwa kiasi cha uwezo uliopotea. Ya tatu ni ya kebo ya kuchajia nyumbani, ikionyesha plagi yake na volti zilizoandikwa, maana ya Japani mara nyingi ina plagi ya huko isiyoingia soketi za Kalemie. Muuzaji anayezungukazunguka bila kutuma picha hizo, gari lake liachiwe mnunuzi mwingine.